Wanafunzi na Wasahihishane

Katika darasa lililojaa, la Vingunguti au kwingineko, mwalimu mmoja hawezi kuipima kila insha kwa makini. Mtoto hurudishiwa alama ya kosa asijue alipopotea. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi wanafunzi na wabadilishane madaftari. Msomaji ataje kwanza lililo jema, kisha aonyeshe mahali pasipoeleweka na sababu yake. Kalamu ya kurekebisha abaki nayo mwenye insha. Kumcheka mwenzio si kumsahihisha.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima walisikiliza redio kwa vikundi, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Ikiwa wazee wetu walifunzana hivyo, watoto wetu watashindwaje?