Maji ya Kifuu ni Bahari ya Chungu: Mashua za Rimoti na Betri Zake Nyumbani Mwetu



Wazee wetu walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Jambo dogo kwa mkubwa huwa zito kwa mdogo, na lililo dogo machoni petu laweza kumzamisha mwenzetu. Methali hiyo ilitujia alfajiri moja baada ya Idi, hapa nyumbani kwetu Msambweni.

Mjomba aliyeko Maskati alikuwa amemletea mpwawe zawadi: mashua ya kuendeshwa kwa rimoti, urefu wake dhiraa moja. Mtoto aliichezea kutwa nzima. Usiku akaichomeka betri kwenye chaja na kuilaza kitandani, kando ya mto, ili akiamka tu aitwae. Tulipoinuka kwa sala ya Alfajiri tulinusa harufu tamu ngeni, si ya udi wala ya asumini. Tukaikuta betri imevimba kama andazi, ina moto mkononi, na shuka imepata alama ya hudhurungi. Juu ya kitanda kile kilining'inia chandarua, na juu ya chandarua ni paa la makuti. Alhamdulillahi, haukuwaka moto.

Dada yetu, mamake mtoto, alitaka chombo kile kitupwe siku hiyo hiyo. Mtoto alilia. Sisi tuliona kwamba kosa halikuwa la mtoto wala la mashua. Lilikuwa letu sisi wakubwa, tuliompa mtoto kitu tusichokijua. Tukaenda kuuliza kwa mafundi wa Ukunda, tukasoma, tukajaribu. Tuliyoyapata tunawaletea wasomaji wetu, kwa kuwa zawadi za namna hii sasa zimeingia nyumba nyingi, kuanzia Diani hadi Vanga.

Mchezo mpya wa pwani kongwe

Mtoto wa pwani na chombo kidogo si mambo mageni. Nani kati yetu hakuona vidau vya kifuu, au ngalawa ndogo za mti mwepesi zenye tanga la mfuko, zikishindanishwa vidimbwini? Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi zima, Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndara kuukuu zenye rangi. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja.

Mashua ya kuongozwa kwa mawimbi ya redio nayo ina umri mkubwa kuliko tudhanivyo. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliionyesha hadharani mjini New York, ikizunguka katika tangi la maji bila ya kamba wala mkono kuigusa. Ndani yake mlikuwa na betri, na hadi leo betri ndiyo roho ya chombo hiki.

Ukifungua kifuniko cha mashua ya leo utakuta mambo manne: betri, mota inayozungusha rafadha iliyoko tezi, kifaa cha kupokea amri za rimoti, na kijimota kidogo kinachogeuza usukani. Kwa mtoto anayeanza, tunashauri mashua ya sentimita 30 hadi 40, yenye mwendo wa wastani, inayoweza kujipindua yenyewe ikipinduka. Chombo chenye mbio nyingi humtisha mtoto, hugonga jiwe mapema, na hula pesa za matengenezo. Kununua cha bei kubwa kwa ajili ya kushindana na majirani ni israfu, na mtoto huijua tofauti baina ya zawadi na majivuno.

Jambo moja huwasumbua wengi siku ya kwanza: mashua imechajiwa, rimoti imewashwa, lakini mezani mota haizunguki. Nyingi huundwa hivyo kusudi. Chini yake pana vipande viwili vya chuma vinavyotambua maji, na rafadha haizunguki mpaka chombo kiguse maji, ili isikate vidole. Iweke kwanza katika karai la maji kabla ya kuirudisha dukani.

Kuisoma betri

Juu ya betri pameandikwa namba. Mama wa nyumba anayejua kupima unga na maji ya mkate wa mofa hatashindwa kuzisoma.

Volti ni nguvu ya msukumo. Miliampea-saa ni ukubwa wa akiba, kama ujazo wa mtungi. Betri iliyoandikwa volti 7.4 na miliampea-saa 1500 ina seli mbili za lithiamu, kila moja volti 3.7. Mota ikivuta ampea 9 kwa wastani, akiba hiyo huisha kwa dakika 10 hivi. Kwa hiyo mtoto akilalamika kwamba betri inaisha upesi, mara nyingi haina ubovu wowote. Ndivyo ilivyo hesabu yake.

Aina zilizoenea ni mbili. Ya zamani ni ya nikeli, ambayo kila seli yake ina volti 1.2, seli sita zikifungwa pamoja hutoa volti 7.2. Ni nzito, lakini ni mvumilivu. Ya pili ni ya lithiamu, nyepesi na yenye nguvu, ndugu wa betri ya simu ya mkononi. Elimu yake iliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Lakini lithiamu ina tabia ya mgeni mwenye heshima: ina mipaka, na haipendi mipaka yake ivukwe. Seli ikijazwa kupita volti 4.2 hupata joto, huvimba, na huweza kulipuka kwa moto. Ikikamuliwa chini ya volti 3 huharibika ndani, na kuichaji baada ya hapo ni hatari. Mashua ikianza kulegea mwendo, basi ni wakati wa kuirudisha ufukweni, si wa kuikamua mpaka tone la mwisho.

Kutokana na hayo inapatikana kanuni ya kwanza: chaja ya nikeli isichaji betri ya lithiamu kamwe, hata kama plagi zinaingiana. Chaja ya nikeli haijui pa kusimama penye betri ya lithiamu. Huenda hilo ndilo lililotupata sisi, kwani katika sanduku la nyumbani mlikuwa na chaja ya gari la zamani la mtoto, na plagi yake ilifanana na hii.

Adabu ya kuchaji

Chaja ndogo inayokuja na mashua huchomekwa kwenye kichwa cha chaja ya simu, nayo huenda polepole. Betri tuliyoitaja huichukua saa tatu hivi. Mwenye uwezo anaweza kununua chaja inayosawazisha seli, yenye waya mwembamba wa pembeni unaopima kila seli peke yake. Hiyo huwekwa kiasi cha ampea kulingana na akiba ya betri: ya miliampea-saa 1500 huchajiwa kwa ampea 1.5, na hujaa kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo. Mwenye haraka akizidisha kiwango hicho anaifupishia betri umri wake na kujitafutia hatari.

Sisi nyumbani tumejiwekea masharti, na tunayapendekeza kwa kila familia.

Betri huchajiwa juu ya kigae au sakafu ya saruji, au ndani ya chungu kisicho na kifuniko, mbali na godoro, pazia, mkeka na mafuta ya taa. Jikoni pa kuni si mahali pake, wala chini ya chandarua.

Betri iliyotoka kufanya kazi hupumzishwa hadi ipoe, nusu saa hivi, ndipo ichajiwe. Iliyovimba, iliyotoboka au iliyolowa maji ya chumvi haichajiwi tena abadani.

Umeme ukikatika, chaja huchomolewa. Mara nyingi umeme hurejea kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kiuacho chaja.

Tena hatuchaji tukiwa tumelala wala tukiwa tumetoka. Wakati wetu ni baina ya Alasiri na Magharibi, watu wakiwa macho na nyumba ina mtu. Jambo hili si la ufundi tu. Mtume wetu (S.A.W.) alitukataza kuacha moto ukiwaka nyumbani tulalapo, na tumepokea habari ya nyumba iliyoungua usiku mjini Madina pamoja na wenyewe. Zamani hizo moto ulikuwa wa taa na utambi. Leo umo ndani ya kipande kidogo cha lithiamu. Sura imebadilika, hatari ni ile ile, na katika nyumba za makuti cheche moja yaweza kuchukua mtaa mzima.

Ikitokea betri inatoa moshi, watoe watu kwanza, hasa watoto, kwani moshi wake ni sumu. Kama inafikika bila hatari, chomoa umeme ukutani. Maji mengi huipoza, na ndoo ya mchanga husaidia kuzuia moto usisambae. Usiishike kwa mkono.

Mahali pa kuchezea

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote, na akina mama tunawaomba mlisome mara mbili.

Mashua ikizimika mbali, mtoto huifuata. Huo ndio moyo wa mtoto. Chombo hununuliwa tena, mtoto hanunuliwi. Kwa hiyo sharti la kwanza, kabla ya betri haijawekwa, ni hili: mashua ikikwama majini, hakuna anayeingia kuifuata ila mtu mzima aliyeridhika na kina na mkondo. Tafuta mshipi wa kuvulia wenye mpira mdogo unaoelea mwishoni. Ukitupwa ng'ambo ya mashua na kuvutwa taratibu, huirudisha. Waenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mahali pazuri pa kuanzia ni maji yaliyotulia ya kina kifupi: karai kubwa, birika la bustani, au kidimbwi kinachobaki ndani ya mwamba wakati wa kupwa, kama vile vya Diani na Galu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana msaada tayari. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndipo bamvua, na katika pwani yetu maji hupwa sana aghalabu kati ya saa nne na saa tano za asubuhi. Kila siku inayofuata, saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi saba na mwezi ishirini na mbili huwa maji mafu, nayo hayapwi sana. Bamvua hufunua vidimbwi vingi, lakini maji yake hurudi kwa nguvu. Yakianza kujaa, kila mtu na arudi nchi kavu.

Msimu wa kusi upepo ni mkali na mwani hujaa ufukweni, nao hujisokota katika rafadha na kuichosha mota hadi iungue. Kaskazi ni mpole zaidi kwa chombo kidogo. Tukae mbali na nyavu na mitego ya wavuvi, na watu wanaooga, na mahali kasa wanapotagia. Mchezo wetu usiwe dhara kwa mwingine.

Baada ya bahari, mashua husuuzwa kwa maji matamu, hufunguliwa kifuniko, ngama yake hukaushwa, na mhimili wa rafadha hupakwa grisi kidogo. Chumvi hula shaba kimya kimya.

Zawadi za safari na betri zilizokufa

Ndugu zetu walioko Omani na Imarati hutuletea vyombo hivi kila likizo. Wajue kwamba betri za akiba za lithiamu husafirishwa ndani ya ndege katika mkoba wa mkononi, vichwa vyake vikiwa vimezibwa, si katika sanduku la mizigo. Kipimo ni wati-saa 100 kwa betri, na hesabu yake ni volti mara ampea-saa: 7.4 mara 1.5 ni 11.1, basi haina tatizo. Plagi za huko ni za meno matatu kama zetu na umeme wake unalingana na wetu. Chaja ya kuchomeka ukutani inayotoka Marekani isomwe kwanza. Ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, itaungua hapa.

Betri iliyokufa haitupwi jalalani, kwa kuwa majalala yetu huchomwa moto na watoto hupita humo. Zibeni vichwa vyake kwa tepu ya umeme, iwekeni ndani ya ndoo ya mchanga nje ya nyumba, kisha mpelekeeni mtu anayekusanya taka za umeme.

Ile betri yetu iliyovimba ilikaa hivyo, chini ya mwembe, mpaka ilipochukuliwa. Mashua haikutupwa. Dada yetu aliipatia betri mpya, na chaja yake anaiweka mwenyewe kabatini, pamoja na ufunguo. Mtoto akitaka kuchaji huja kuomba baada ya Alasiri, na hukaa sebuleni akisoma juzuu yake huku akiitazama taa nyekundu hadi igeuke kijani. Wiki iliyopita tulimsikia akimwambia binti wa jirani, aliyepata mashua yake mwenyewe, asiipeleke kitandani. Binti alipomuuliza sababu, alimwonyesha kidole juu, kwenye makuti.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na nyumba zetu. Amin.