Uthibitishaji wa Kingamwili za Monokloni katika Uchunguzi wa Protini za Mishipa ya Damu ya Nguruwe

Makala haya yanafafanua kwa nini kingamwili ya monokloni inayotumika kuchunguza mishipa ya damu ya nguruwe haina budi kuthibitishwa kwa seli za nguruwe mwenyewe kabla ya matokeo yake kuaminiwa.

Mbinu ya kutengeneza kingamwili hizi ilibuniwa na Georges Köhler na César Milstein mjini Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. Panya hudungwa protini inayokusudiwa. Kisha seli za wengu wake zinazozalisha kingamwili huunganishwa na seli za saratani, ambazo hugawanyika bila kikomo. Seli mseto inayopatikana, yaani haibridoma, huzaa ukoo mmoja wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja tu. Kingamwili hiyo hushika sehemu ndogo mahususi ya protini, iitwayo epitopu.

Umahususi huo ndio nguvu yake, na ndio mpaka wake. Protini ya VCAM-1, kwa mfano, ipo kwa binadamu na kwa nguruwe, lakini mifuatano yao ya asidi-amino hailingani kikamilifu. Tofauti ikiangukia kwenye epitopu, kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya protini ya binadamu yaweza kushindwa kuishika ile ya nguruwe. Tishu hubaki bila rangi, na mtafiti huweza kuhitimisha kimakosa kwamba protini haipo.

Kosa hilo lina uzito katika upandikizaji wa viungo. Januari 2022, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mgonjwa alipandikizwa moyo wa nguruwe aliyefanyiwa mabadiliko 10 ya jeni. Katika upandikizaji wa namna hiyo, damu ya binadamu hukutana kwanza na seli za endothelia za nguruwe, zinazotanda upande wa ndani wa mishipa. Seli hizo zikichochewa na mchochota, huongeza VCAM-1, ambayo hunasa seli nyeupe za damu. Ishara hiyo isipoonekana, dalili ya kiungo kukataliwa yaweza kupuuzwa.

Kwa hiyo, uthibitishaji unahitaji angalau hatua tatu. Kwanza, seli za endothelia za nguruwe zilizochochewa kwa TNF-alfa zilinganishwe na zisizochochewa. Pili, kingamwili ya tabaka lilelile, isiyolenga protini yoyote ya nguruwe, itumike kama kidhibiti hasi. Tatu, ulinganisho ufanywe kati ya seli zilizopachikwa jeni ya protini husika ya nguruwe na zisizopachikwa. Aidha, tishu zihifadhiwe kwa njia ileile itakayotumika katika utafiti, kwa kuwa formalini huweza kubadilisha epitopu.

Bila hatua hizo, kukosekana kwa rangi chini ya hadubini si ushahidi wa kukosekana kwa protini.