Chungu cha Wachawi Kilivyopata Wimbo

Wapwa zangu, sogeeni. Leo anayezungumza ni chungu. Si chungu cha maharage. Ni chungu cha wachawi watatu.

"Nilizaliwa Uingereza," kinasema chungu, "mwaka 1606 hivi, ndani ya tamthilia iitwayo Macbeth. Aliyenitunga ni William Shakespeare. Wachawi walinizunguka. Wakanitumbukizia chura. Wakanitumbukizia manyoya ya popo. Wakanitumbukizia ulimi wa mbwa. Nikachemka, nikachemka! Na mara tatu wakaghani kibwagizo kilekile. Maneno nilikuwa nayo. Mahadhi sikuwa nayo."

Maskini chungu! Tamthilia ikachapwa mwaka 1623. Ikasafiri nchi nyingi. Hata kwa Kiswahili tunayo Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi, iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1968. Kila mahali chungu kilichemka, na noti zake Shakespeare hakuziandika.

"Sasa Mjomba, maneno bila noti yataimbwaje?"

Ahsante kwa swali hilo! Aulizaye hivyo ameshaanza kuwa mtunzi. Sikilizeni. Wafalme na askari wa tamthilia ile husema kwa mistari mirefu, mizani kumi hivi, na mstari huanza polepole, kwa silabi nyepesi. Wachawi hawasemi hivyo. Wao mistari yao ni mifupi, mizani saba au nane. Na huanza kwa kishindo, kama mchi unavyotua kinuni: nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Mapigo manne, kisha mstari mwingine. Ukiisoma mistari hiyo kwa sauti, mguu unagonga sakafu wenyewe. Kumbe nusu ya wimbo ilikuwa ndani ya shairi siku zote! Mtunzi wa muziki anachofanya kwanza ni kunyamaza na kusikiliza mapigo hayo.

Akaja mtu wa kusikiliza. Jina lake John Williams, wa Marekani. Alikuwa anatunga muziki wa filamu ya tatu ya Harry Potter, ile iliyotoka mwaka 2004. Kitabu cha J. K. Rowling kilichozaa filamu hiyo hakina wimbo wa chungu hiki. Ila filamu ilitaka wanafunzi wa shule ya uchawi waimbe kwaya, na wachawi wadogo waimbe nini kama si maneno ya wachawi wakongwe? Basi maneno yakachukuliwa kutoka kwenye chungu chetu. Wimbo ukaitwa Double Trouble. Mkiitazama filamu mtawaona watoto wamesimama kwa safu, wamebeba vyura wakubwa mikononi, na vyura nao wanakoroma!

"Mjomba, kutungia watoto ni rahisi kuliko kutungia wakubwa?"

Hapana, mpwa wangu. Hapana kabisa. Pumzi ya mtoto ni fupi, kwa hiyo sentensi ya muziki iwe fupi, na pawe na mahali pa kuvuta hewa. Sauti ya mtoto haishuki chini sana, wala isilazimishwe kupanda juu mno hadi shingo ikakaza. Halafu kuna kusikika. Watoto arobaini wakitamka "s" kila mmoja kwa wakati wake, utadhani nyoka ameingia kwenye kwaya! Lazima wote waikate pamoja. Mwalimu wa kwaya hutumia muda mrefu kwa jambo hilo moja dogo, na ana haki.

"Na chura, na popo, na uchawi, hayatishi?"

Yanatisha kidogo. Na ni vizuri yatishe kidogo. Ninampenda Williams kwa sababu hakuwawekea watoto sukari. Alichagua muziki wenye kiza, akaweka na ala za zamani za Ulaya, filimbi na ngoma, kana kwamba wimbo umetoka kwenye ngome ya kale. Hakuwadharau watoto. Mtoto akiimba peke yake juu ya jambo la kutisha, huenda akalia. Akiimba na wenzake thelathini, wa kulia atakuwa yule anayetishwa!

Sasa zamu yenu. Nimewaandalia zimwi. Pigeni makofi huku mkisema:

Zimwi kubwa, jino moja,
kaa mbali, tunakuja!

Hesabuni. Mizani nane, na mizani nane. Makofi manne, na makofi manne. Kofi linatua wapi? Kwenye "zi". Kwenye "ku". Kwenye "ji". Kwenye "mo". Sasa jaribuni kupiga kofi kwenye "mwi". Mnaona linavyochechemea? Zimwi limevunjika mguu! Hivyo ndivyo wimbo unavyoharibika mtunzi asiposikiliza maneno.

Mkishaweza pamoja, gawanyikeni makundi mawili. Kundi la kwanza lianze. Likifika "kaa mbali", kundi la pili liingie na "Zimwi kubwa". Msingojane, wala msikimbizane. Zungukeni hivyo mara tatu, kama wachawi wale.

"Mahadhi je, Mjomba? Hujatupa mahadhi!"

Mahadhi mtayatunga nyinyi. Anzeni na noti tatu tu, zilizo karibukaribu, ambazo hata mdogo wenu wa darasa la kwanza anazifikia. Noti ya juu kuliko zote wekeni kwenye "ja" ya "tunakuja"... hapana, subirini. Ipigieni makofi kwanza, kisha mniambie: je, ni kwenye "ja", au kwenye "ku"?