Mgeni Huwa Mwenyeji kwa Kula: Habari za Kakamega

Karani au mwalimu akipata barua ya uhamisho kwenda mji asioujua, jambo la kwanza aulizalo ni nyumba, na la pili ni shule ya watoto. Habari za chakula haziulizi, kwa kuwa hudhani kwamba ugali ni ugali popote. Akifika Kakamega ataona kwamba sivyo. Tena ataona kwamba wenyeji wa hapa hawampimi mgeni kwa cheo chake wala kwa nguo alizovaa, bali kwa jinsi anavyokula pamoja nao.

Hata jina la mji lina hadithi ya namna hiyo. Husimuliwa kwamba Wazungu wa kwanza waliofika walikaribishwa ugali, nao, kwa kuwa hawakuzoea kula kwa mkono, wakawa wanaufinyafinya kwa ncha za vidole. Na katika neno la kufinya ndimo lilimotoka jina Kakamega. Ziko hadithi nyingine juu ya jina hilo, lakini hii ndiyo ipendwayo na wengi, nayo yatuonyesha fikira za wenyeji.

WAGENI WA DHAHABU

Kakamega imepata kuona wageni wa kila namna. Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias, wakaja makarani, askari na wafanya biashara. Mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa, wakaja Wazungu wengi kwa sururu na karai. Mwaka 1932 sheria iliyolinda ardhi ya Waafrika ikabadilishwa, ili mashamba yapate kutwaliwa kwa ajili ya migodi bila ya wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Wenye sururu walikwenda zao, mashimo yakabaki.

Basi si ajabu kwamba mwenyeji wa Kakamega hutaka kujua mapema kama mgeni wake amekuja kuchukua au amekuja kukaa. Haulizi kwa maneno. Humwekea chakula, akamtazama.

MEZA YA MWENYEJI

Kwa sisi tuliolelewa Pwani kwa wali wa nazi na samaki, chakula hiki chataka moyo. Ugali, uitwao obusuma, hupikwa mgumu; na ukiwa wa wimbi au mtama uliochanganywa na muhogo, rangi yake ni ya kahawia. Ugumu huo una sababu, kwani mboga yake mara nyingi ni mrenda, nao huteleza na kuvutika kama uzi. Mwenye kula tonge laini ataona mboga yote ikimponyoka. Lakini tonge gumu, likitiwa shimo kwa kidole gumba, huichota vizuri.

Mrenda hupikwa pamoja na majani ya kunde, tena kwa chumvi ya kienyeji. Mashina makavu ya maharagwe huchomwa, majivu yakatiwa katika chombo chenye matundu, maji yakamiminwa juu na kuchujwa polepole. Maji hayo ndiyo yalainishayo mboga. Iko pia saga, iitwayo tsisaka, ambayo ni chungu kwa asiyeizoea; mpishi hodari huitia maziwa na kuilaza mpaka kesho yake, uchungu ukapungua.

Mvua zianzapo, hutoka kumbikumbi. Watu hufunika kichuguu na kuwatega, na wengine hugongagonga vijiti juu yake ili wadudu wadhani kwamba mvua inanyesha. Hukaangwa bila mafuta, maana wanayo yao wenyewe.

Lakini heshima kubwa ya mgeni ni kuku, ingokho. Hapa pana adabu ya kukumbukwa: firigisi, iitwayo imondo, ni haki ya baba mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye yeye amependa kumheshimu. Mgeni asiichukue mpaka apewe. Na akipewa, ajue kwamba amepewa neno kubwa. Asiyekunywa busaa kwa ajili ya dini yake na aseme hivyo kwa upole, wala hatalazimishwa. Kinachochukiza ni kukunja uso.

MAMBO YA MJI

Mambo mengine hujifunzwa kwa kukaa. Mvua hapa hupenda saa za alasiri, na katika msitu wa karibu hufika kama milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo wenye busara humaliza safari zao mchana. Salamu ni mulembe, maana yake amani. Katika njia ya Kisumu, pale Ilesi, liko jiwe kubwa lililosimama juu ya jingine, nalo hutiririkwa na maji kama mtu aliaye. Na asubuhi na mapema, huko Khayega, Malinya au Shinyalu, huweza kusikika ngoma za isukuti na mbiu: mafahali wawili wanakutanishwa. Fahali akimbiaye ndiye aliyeshindwa, na mwenye fahali mshindi huimbiwa na umati wote.

FAIDA KWA WOTE

Wako wanaokaa Kakamega miaka 10 kama abiria wangojao gari. Unga wao hutoka kwao, salamu zao ni za ofisini, na kila mwisho wa mwezi huenda zao. Siku ya ugonjwa au msiba, hawana jirani wa kumwita, na watoto wao hukua bila ya kwao kwa pili.

Wenyeji nao hupoteza. Mboga hizi zilidharauliwa miaka mingi kuwa chakula cha maskini, hata vijana wengine wakaona haya kuzila. Leo zauzwa katika masoko ya Nairobi. Isukuti iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa mila zinazohitaji kulindwa upesi. Mila haihifadhiwi kwa kuandikwa tu, yataka watu wa kuipenda. Na mgeni akiuliza kwa hamu jinsi mrenda unavyopikwa, kijana wa nyumbani husikia na kuanza kuuthamini.

Kwa hiyo, wewe uliyepata barua ya kwenda Kakamega, nenda sokoni wiki ya kwanza. Waulize akina mama wauzao mboga, nao watakufundisha kwa furaha. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika mji huu jembe hilo hutolewa mezani, nalo ni tonge gumu la obusuma. Lipokee kwa mkono wa kulia.