Tovuti ya Wanachama: Hesabu Kwanza, Kompyuta Baadaye

Vikundi vingi siku hizi vina ujuzi ambao watu wako tayari kuulipia. Kuna wafugaji wa nyuki, walimu wastaafu wenye mazoezi mazuri ya hesabu, akina mama waliobobea katika ushonaji. Wazo huja upesi: tufungue tovuti, tuweke mafunzo yetu humo, na anayetaka kusoma alipe kila mwezi. Wazo ni zuri. Lakini tulitazame kwa makini, maana pesa ya wanachama sio ya kujaribia.

Ni kitu gani hasa?

Ni kurasa za intaneti zenye mlango. Sehemu ya mbele iko wazi kwa kila mtu. Sehemu ya ndani humfungukia aliyelipa ada, akitumia jina na neno lake la siri. Dukani mtu hununua mara moja akaenda zake. Mwanachama hulipa tena na tena, na kila mwezi anajiuliza: je, nimepata nini?

Anzeni na watu

Msikimbilie kumlipa fundi wa tovuti. Kwanza tafuteni watu 20 au 30 wenye shida moja mnayoweza kuitatua. Watumieni mafunzo kwa simu kwa miezi miwili, kisha waombeni walipe kidogo. Wakikataa kulipia mafunzo kwenye simu, tovuti haitawabadilisha mawazo. Wakilipa, mna msingi.

Pigeni hesabu

Tuchukue mfano. Jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi vinagharimu shilingi 9,600 kwa mwaka, yaani 800 kwa mwezi. Mtu wa kuandika mafunzo na kujibu maswali analipwa 6,000. Jumla ni 6,800 kila mwezi. Ada ikiwa shilingi 100, mnahitaji wanachama 68 ndio msipate hasara, na hapo bado hatujahesabu makato ya malipo.

Sasa tuseme mmeanza na wanachama 80. Mnafurahi, kwani 1,200 zinabaki. Lakini kila mwezi wanatoka 8 na kuingia 5. Baada ya miezi sita mmebaki 62, mnakusanya 6,200, na mko na pengo la 600. Hakuna aliyeiba. Ndoo ilikuwa inavuja, na nyinyi mlikuwa mnatazama bomba tu.

Tujifunze kwa wengine

Huko Uholanzi, mwaka 2013, gazeti la intaneti liitwalo De Correspondent liliomba wasomaji walipe ada kabla halijaanza. Katika siku 8 watu wapatao 15,000 walikuwa wamechanga zaidi ya yuro milioni 1. Gazeti hilo liliendelea kukua. Baadaye wenyewe wakajaribu kuanzisha la Kiingereza. Mwaka 2018 walichangiwa zaidi ya dola milioni 2.5, na kila mtu alijichagulia kiasi cha kulipa. Gazeti lilianza Septemba 2019 na kufungwa tarehe 1 Januari 2021, kwa sababu mapato hayakutosha kuliendesha. Watu wale wale, wazo lile lile, lakini matokeo mawili. Harambee ya siku ya kwanza hujaza mfuko. Kinachoujaza tena mwaka wa pili ni mwanachama kuona faida.

Malipo na daftari

Hapa Kenya watu wengi watalipa kwa M-PESA, iliyoanza mwaka 2007. Chukueni nambari ya Paybill kwa jina la kikundi, sio simu ya mweka hazina. Kwa Paybill, mlipaji huandika pia nambari ya akaunti. Mpeni kila mwanachama nambari yake, mtajua mara moja nani amelipa. Mkumbusheni siku tatu kabla ada haijaisha. Akitaka kutoka, mwacheni atoke bila kusumbuliwa. Huyo anaweza kurudi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Funguo ziko kwa nani?

Hapa ndipo vikundi huumia. Kijana mmoja hodari anasajili jina la tovuti kwa jina lake na anaweka neno la siri kichwani mwake. Akipata kazi mbali, tovuti imekwenda naye, na wanachama waliolipa wanawadai nyinyi. Jina lisajiliwe kwa kikundi. Maneno ya siri yajulikane na watu wawili au watatu, na nakala ya mafunzo yote ihifadhiwe mahali pengine.

Kumbukeni pia kwamba majina na nambari za simu za watu ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka mtu aelezwe habari zake zinachukuliwa kwa nini, na zisitumiwe kwa jambo lingine. Msimpe mfanyabiashara yeyote orodha ya wanachama wenu.

Ahadi ndogo inayotimizwa

Ni afadhali kuahidi somo moja kila wiki na kulitoa, kuliko kuahidi matano na kutoa mawili. Andaeni masomo ya miezi mitatu kabla ya kufungua mlango. Palilieni pia mahali pa maswali, maana wengi huja kwa ajili ya somo lakini hubaki kwa sababu swali lao lilijibiwa. Na siku mkiona hamwezi kuendelea, waambieni wanachama mapema na mrudishe ada ambayo haijatumika. Kikundi kikipoteza tovuti kinaweza kujenga nyingine. Jina jema hujengwa polepole zaidi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni shida gani ya watu tunayoijua vizuri kuliko wengine?
2. Ni nani ataandika masomo wakati wa mavuno, wakati kila mtu ana kazi?
3. Tukibaki na nusu ya wanachama, tutaendelea kwa miezi mingapi?