Mtoto wa mbwa aliyekulia kizimbani: kwa nini anakojoa palepale anapolala?

Tuseme hivi. Rafiki amekupigia simu: kuna watoto wa mbwa wametolewa kwa mtu aliyekuwa akiwazalisha kwenye vizimba ili auze. Umechukua mmoja, ana miezi miwili na nusu. Unamtoa nje, ananusanusa nusu saa nzima, hafanyi kitu. Mkirudi ndani tu, anachuchumaa katikati ya sebule. Usiku anakojolea blanketi lake, halafu anajikunja hapohapo na kulala.

Wiki ya pili watu wa nyumbani wameshachoka: "Huyu mkaidi, mrudishe alikotoka." Kabla hujamrudisha, hebu tuangalie nini kinaendelea kichwani mwake. Maana si ukaidi.

Usafi wa mbwa unaanzia wapi?

Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi hata kukojoa mwenyewe. Mama humlamba tumboni na sehemu za nyuma, ndipo mkojo na kinyesi hutoka, na mama huvila. Ndiyo maana pale wanapolala huwa pasafi.

Karibu wiki ya 3 mambo hubadilika. Mtoto anaanza kutembea, na akibanwa na haja anajivuta mbali kidogo na pa kulala. Hakuna aliyemfundisha. Wanasayansi John Paul Scott na John Fuller waliliona hili huko Bar Harbor, Marekani, walikolea mbwa wa aina tano kwa miaka mingi, wakiwemo basenji wenye asili ya Kongo. Katika kitabu chao cha mwaka 1965 wanaeleza kwamba karibu wiki ya 8 watoto huanza kurudia sehemu maalum za kujisaidia.

Katika wiki hizo mtoto anajifunza jambo jingine pia: miguu yake inakanyaga nini wakati wa haja. Aliyekulia uani anazoea majani au udongo. Akishazoea, kuhisi majani chini ya miguu peke yake kunamkumbusha.

Sasa mweke kizimbani. Anataka kujivuta mbali, lakini hatua mbili tu anagonga waya. Anajisaidia anapolala, kesho tena, keshokutwa tena. Harufu iliyokuwa ikimkera inakuwa ya kawaida, na kitu anachokijua chini ya miguu ni saruji, waya au gazeti.

Kwa hiyo huyu mtoto hakushindwa kujifunza. Amejifunza vizuri sana, ila somo lenyewe ndo baya. Majani ya nje kwake ni kitu kigeni, pengine yanamtisha, hivyo anajibana. Akikanyaga vigae vya sebule anasema moyoni: afadhali, choo hiki hapa!

Ushauri wa kawaida unakwama hapa

Utaambiwa: "Mfungie kwenye kizimba kidogo, mbwa hachafui anapolala." Kwa mbwa wengi ni kweli. Lakini ushauri huo unategemea ile tabia ya kujivuta mbali, ambayo kwa huyu imeshafifia. Ukimfungia unaendeleza somo lilelile la zamani.

Badala yake mpe nafasi. Zungushia kona ya jikoni: kitanda upande mmoja, magazeti upande wa pili. Kitanda kikilowa, badilisha matandiko mara moja, ajue raha ya kulala pakavu. Akianza kuyafuata magazeti mwenyewe, ile tabia ya asili inarudi.

Hatua kwa hatua

Mtoe kwa saa, usisubiri dalili. Akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Chakula kikitanua tumbo, utumbo mpana hushtuka na kuanza kusukuma, kwa hiyo dakika chache baada ya kula ni wakati wako. Mchana, mtoe kila baada ya saa moja hivi. Kibofu cha umri huu hakina uvumilivu. Usiku nawe amka angalau mara moja.

Mpelekee anachokijua. Chukua gazeti lenye mkojo wake kidogo, litandike juu ya majani. Akilizoea, lipunguze siku hadi siku mpaka yabaki majani matupu. Kama hajamaliza chanjo, tumieni ua wenu wenyewe, si njia wanapopita mbwa wa watu.

Mtuze papo hapo. Mwaka 1898 Edward Thorndike alionyesha, kwa paka waliokuwa wakijifungulia visanduku, kwamba tendo linalofuatwa na jambo zuri hurudiwa. Hapa sekunde zina maana. Akimaliza tu, mpe kipande cha nyama palepale. Ukimpa mlangoni, umemtuza kwa kuingia ndani.

Usimpige wala usimsugue pua kwenye mkojo. Hataelewa kosa ni mahali; ataelewa kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Kesho nje atajibana ukiwepo, kisha atajificha nyuma ya kochi.

Safisha harufu yenyewe. Pua yake inanusa kile wewe huoni tena. Tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya, vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo. Epuka dawa zenye amonia, kwa sababu zinafanana harufu na mkojo.

Itachukua muda gani?

Andika kwenye karatasi ni mara ngapi amechafua ndani kila wiki. Usitafute sifuri, tafuta namba inayoshuka. Kwa mbwa kama huyu ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi, na siku za kurudi nyuma zipo. Akikojoa matone matone, akilia anapokojoa, au mkojo ukiwa na damu, usiendelee na mafunzo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na kama anakojoa kidogo kila unapomwinamia kumsalimu, huo ni woga. Chuchumaa pembeni, mwache aje mwenyewe.

Wiki zake za kwanza alizimaliza ndani ya waya, na hakuchagua. Siku atakapoinuka kitandani mwenyewe, akaenda kusimama mlangoni na kukutazama, utajua kwamba ameanza kujifunza somo jipya. Mfungulie haraka!