Istilahi ya “Tiba Shufaa” na Uamuzi wa Familia za Wagonjwa wa Saratani Kasese na Bwera

Mgonjwa wa saratani anayetoka Kasenyi, kwenye mwalo wa wavuvi wa Ziwa George, au Bwera, mpakani mwa Kongo, husafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago. Ada katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001. Hata hivyo nauli, vipimo vya nje na chakula cha anayemuuguza hubaki juu ya familia. Huuzwa mbuzi, kisha kipande cha shamba la kahawa. Kwa kuwa saratani nyingi hugunduliwa zikiwa zimekwisha kusambaa, mara nyingi shamba huuzwa wakati kupona hakuwezekani tena.

Uamuzi huo hutegemea sana lugha ya mhudumu. Kiswahili hutenganisha kutibu na kuponya: mtu aweza kutibiwa asipone. Nomino “tiba”, hata hivyo, haioneshi tofauti hiyo, na msikilizaji huichukua kuwa ahadi ya kupona. “Tiba shufaa”, istilahi iliyoenea Tanzania, huongeza utata. Kwa Mwislamu, shufaa ni uombezi, hasa wa Siku ya Kiyama. Kwa Mkonzo aliyejifunza Kiswahili sokoni Mpondwe, huenda neno hilo halina maana yoyote. (Wa kwanza pengine ndiye atakayetishika zaidi.)

Kwa upande wa dawa, Uganda haina udhuru mkubwa. Hospice Africa Uganda, iliyoasisiwa na Anne Merriman mwaka 1993, ilianza na mofini ya maji inayonyweka nyumbani. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu wenye mafunzo maalumu kuiandika, na mgonjwa hailipii. Familia inayoambiwa “hakuna la kufanya” haiyajui hayo, nayo huanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Ingeambiwa “ugonjwa hautapona, lakini maumivu yatatulizwa, na dawa yake hailipiwi”, ingekuwa na jambo la kupima.

“Utulizaji maumivu” ni istilahi finyu, kwani huduma hii hugusa pia hofu, imani na malezi ya watakaobaki. Hata hivyo, istilahi finyu inayoeleweka ni afadhali kuliko pana isiyoeleweka. Baada ya Baraza la Mawaziri kuidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, miongozo ya afya kwa lugha hiyo itahitajika. Kabla ya kuchapishwa, istilahi zake zisomwe kwa sauti mbele ya wauguzaji wa Bwera, kwa Kiswahili na kwa Lhukonzo, nao waulizwe wamesikia nini.